Tunakimbia mvua, radi hatuikimbii

"Mwalimu zimebaki dakika 12 tu, tumalizie."

Kapteni wa timu ya mwaka wa tatu alikuwa amesimama mbele yangu mikono kiunoni, jasho linamdondoka kidevuni, na nyuma yake kule ziwani kulikuwa na wingu jeusi kama chungu cha kuni. Huku kwetu jua linawaka kabisa, watu wamejikinga na madaftari. Ngurumo ya kwanza ilikuwa imeshapita, ile ya mbali, kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili. Kila mtu aliisikia. Refa aliisikia, ndo maana alisimamisha mpira akaniangalia mimi. Mama wa maandazi naye aliinua uso akatazama ziwani, alafu akaendelea kuwafungia watu maandazi kwenye gazeti.

Mi nikaangalia saa. Nikasema haya, malizieni.

Wiki ya sita sasa na hilo neno bado limenikaa kooni.

Mi ni mkufunzi msaidizi na mwaka huu nilipewa kulea michezo ya kitivo, kwahiyo siku ile ya bonanza mwenye kauli ya mwisho uwanjani nilikuwa mimi, sio refa wala kapteni. Chuo sitakitaja. Ni Kanda ya Ziwa, msimu wa vuli, Jumamosi saa kumi na nusu jioni. Waliosoma huku wanaijua picha yenyewe.

## Chini ya mwembe

Matone ya kwanza yalianguka dakika ya 85, yale makubwa yanayopiga vumbi mpaka unasikia harufu ya udongo. Hapo ndo watu wakakimbia. Na wakakimbilia kulekule tunakokimbilia siku zote, kwenye ule mwembe mkubwa wenye vimbweta, zile meza za kusomea nje, sababu kumbi za mihadhara Jumamosi zimefungwa na mabwenini ni mbali, mpaka ufike umeshalowa. Na mimi nilikuwa naelekea hukohuko, nimezikumbatia jezi za akiba zisilowe. Nilikuwa nimebakiza kama hatua ishirini.

Watu wananiuliza mlio ulikuwaje, nawaambia sikusikia mlio. Niliona weupe kila mahali, alafu masikio yakaanza kulia nziii, na harufu kama ya waya ulioungua. Nilipopata akili nikaona mwembe umechanika gome kuanzia juu mpaka kwenye mizizi, mstari mmoja mweupe, mbichi, unatoa mvuke. Na watu wako chini. Wengi walikuwa wanajiinua wenyewe, wengine wanatambaa huku wanalia kwamba miguu hawaisikii.

Mmoja hakuinuka.

Kijana wa mwaka wa pili, namfundisha, huwa anakaa safu ya tatu upande wa dirishani. Alikuwa amelala chali, ndala moja iko mguuni nyingine iko juu ya kimbweta. Nikaanza kumkimbilia, hapo hapo mtu akapiga kelele, "Msimguse! Ana umeme huyo, msimguse!"

Nikasimama. Wote tukasimama, tukafanya duara.

Kuna mtu alikuwa anarekodi mechi kwa simu na hakuzima. Ile vidio nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Kuanzia pale sauti inaposema msimguse mpaka pale mkono wa mtu unapomfikia yule kijana ni sekunde 41.

Mkono wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa binti mmoja anayesoma uuguzi chuo kingine mjini, alikuja tu kumtembelea dada yake. Alitusukuma akapiga magoti kwenye tope, akaweka sikio karibu na mdomo wa yule kijana, akasema, "Aliyepigwa na radi habaki na umeme. Kaka, shika kichwa hapo." Kaka ndo mimi. Akaanza kubonyeza kifua, anahesabu kwa sauti, moja mbili tatu mpaka thelathini, anapuliza mara mbili, anaanza tena. Mama wa maandazi alikuja akasimama juu yao ametandaza kanga yake ili mvua isimpige yule mtoto usoni, yeye mwenyewe analowa.

Raundi ya nne kijana akakohoa.

## Sekunde 41

Sikulala usiku ule, nikasoma mpaka alfajiri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulichokosa kukijua ni kitu kidogo sana.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mtu aliyenaswa na umeme hashikwi mpaka umeme ukatwe, na ni kweli kabisa, kwa umeme wa nyumbani waya bado unamlisha, ukimgusa na wewe umo. Tukaibeba sheria hiyo tukaipeleka kwenye radi. Radi haina waya. Inapita mara moja, muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na ikishapita imepita. Aliyepigwa unamshika hata sekunde ileile. Kinachoua wengi ni moyo kusimama au pumzi kukatika, na moyo uliosimama unadai mikono ya mtu juu ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Na kitu kingine ambacho yule binti alikifanya bila hata kufikiria, mimi nisingekifanya kamwe. Kulikuwa na watu kama kumi na kitu wanalia kwa maumivu, akawaruka wote akaenda kwa aliyekuwa kimya. Anayelia anapumua.

Wala radi haikumpiga yeye moja kwa moja. Ilipiga mwembe, ikashuka na shina, ikasambaa ardhini kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ikapanda mguu mmoja ikatokea mwingine. Waathirika wengi wa radi wanapata hivo, kwa njia ya ardhi. Kwahiyo hata wale waliokuwa wanasema "mi sikuegemea mti" bado walikuwa kwenye hesabu.

Na mimi pia, kwa hatua zangu ishirini.

## Bibi na kioo

Usiku uleule tuko hospitali, grupu la kitivo likawaka. Imetumwa hiyo. Ni wale wa mwaka wa tatu, waliona wanafungwa. Ni jezi nyekundu. Ni yule aliyekuwa anarekodi kwa simu.

Sikuwajibu, na sikuwadharau, sababu mi mwenyewe nimelelewa humohumo. Bibi yangu Sengerema, ngurumo ya kwanza tu ikisikika anafunika kioo na kanga, anatuvua nguo nyekundu, jembe lililoko uani linatupwa mbali, tunakaa chini kimya. Hakuna kucheka. Nilivyokuja kusoma nikajua kioo hakiiti radi, nguo nyekundu haiiti, simu ya mkononi nayo haiiti, labda uwe umeichomeka kwenye chaja ukutani, maana hapo radi inaweza ikapita kwenye nyaya za nyumba ikakufikia. Nikaviacha vyote vya bibi. Nilijiona nimeelimika.

Sasa hiki ndo kitu nimekigeuza geuza kichwani wiki zote hizi. Bibi alikosea kuhusu kioo. Ila kwake ngurumo ya kwanza ilikuwa inasimamisha kila kitu. Ugali unaipuliwa nusu umeiva. Ng'ombe wanaachwa walipo. Hakuna mtoto wa kumwambia bibi zimebaki dakika 12, angekuchapa. Mimi nilitupa kioo nikatupa na ile sheria ya kusimama, na mahali pake sikuweka kitu. Nilibaki na elimu isiyo na amri yoyote ndani yake.

Sitaki kumpamba bibi pia. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, na nyumba ya namna ile haimkingi mtu na radi, tulikuwa tunakaa mle kwa rehema za Mungu tu.

## Walikuwa wamejificha

Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa sekondari pale Bukombe, Geita. Ni mkoa jirani, tulisoma habari ile tukiwa ofisini, tukasema poleni sana, tukaendelea na kusahihisha. Novemba 2024 kambi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14, wengi watoto, walikuwa kwenye ibada. Machi 2018 Nyaruguru kusini mwa Rwanda, watu 16, nao kanisani. Juni 2011 shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, Uganda tena, watoto 18, darasani.

Nilipoyapanga haya matukio pamoja ndo nikaona. Ibadani, darasani, watu wengi mahali pamoja, na wengi wao walikuwa chini ya paa, walishafanya kile ambacho wangekuwa wameambiwa wafanye. Paa lile linazuia maji. Banda la bati juu ya miti, kibanda cha bodaboda, hema la mahafali lenye nguzo za chuma, kantini yetu pale getini, kote huko mvua haikupati ila radi inakupata. Jengo linalofaa ni lile kubwa la zege lenye nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta, sababu radi ikipiga inapata njia ya kushuka ardhini bila kupitia kwako, na hata humo unakaa mbali na soketi na bomba, huogi, huoshi vyombo. Au gari lenye bodi ya chuma, umefunga vioo. Daladala ni salama kuliko mwembe, na sio kwa ajili ya matairi, ni ile bodi inayokuzunguka. Bodaboda haina bodi.

Sisi chuoni mwili wetu umefundishwa na mvua. Tunakimbia pale nywele zinapoanza kulowa, pale laptopu iko hatarini, na tukifika mahali pakavu tunahesabu tumepona. Radi haisubiri mvua. Inaweza ikapiga kilomita 10 na zaidi kutoka pale mvua inaponyesha, juu yako anga ni ya bluu. Ukiweza kusikia ngurumo, umeshaingia kwenye eneo lake.

Ile ngurumo ya kabati, tukiwa bado na jua, ndo ilikuwa onyo lenyewe, sisi tukaiona ni dalili kwamba muda bado upo.

## Ziwa

Huku kwetu hili sio jambo la bahati mbaya mara moja kwa miaka kumi. Wavuvi wa dagaa wanalijua ziwa kuliko sisi wenye vyeti. Usiku upepo unashuka kutoka nchi kavu pande zote unakutana katikati ya ziwa, hewa ya joto yenye unyevu inasukumwa juu, na dhoruba zinapikwa humo wakati wao wako na taa zao majini. Mchana inageuka, upepo wa ziwa unaelekea nchi kavu na mawingu yanajengeka huku tuliko. Bonde hili lote la maziwa makuu linapigwa sana. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka 16 za setilaiti ya NASA walitoa orodha yao mwaka 2016, Ziwa Maracaibo kule Venezuela likashika namba moja duniani, na namba moja Afrika ikawa Kabare, Kivu Kusini kule Kongo, jirani kabisa na Bukavu.

Na sisi tumejenga vimbweta chini ya miti.

## Bapa la shaba

Jumatatu nilimwomba fundi umeme wa chuo tuzunguke majengo. Juu ya paa la jengo letu la mihadhara kuna mtego wa radi, ile fimbo ya chuma yenye ncha, nimeipita miaka sita na siku zote ilikuwa inanipa amani. Fundi akaniambia mwalimu usiangalie juu, fuata chini. Kutoka kwenye ile fimbo linashuka bapa la shaba, limepigiliwa ukutani kwa vibanio, linatakiwa kwenda mpaka ardhini. Nikaweka kidole nikalifuata.

Likaishia usawa wa bega langu.

Limekatwa, tena kwa msumeno, ncha yake bado inang'aa kidogo. Vibanio vya chini vipo vyote, vimeshika hewa, na ukutani kuna mstari wa kijani pale shaba ilipokaa miaka. Kuna mtu aliipeleka kwenye vyuma chakavu. Fundi alisugua ule ukijani kwa dole gumba, akasema, "Hii ni sawa na kumkaribisha mgeni ndani alafu mlango wa kutokea umeziba. Atatokea popote."

Tulikuta majengo mawili ya hivo. Moja limeshatengenezwa, la pili nafuatilia, na bado hata hilo ni afadhali mara nyingi kuliko chini ya mti. Lakini nilikaa pale ukutani muda mrefu. Miaka sita kila nikipita nilikuwa nainua macho, sikuwahi hata siku moja kushusha.

## Nani aseme basi

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani, nchi nzima ilikuwa na mtu wa kusema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, hakuna aliyemwona nahodha ni mwoga kwa kutopakia abiria. Kimbunga kina jina, kinatangazwa siku kadhaa kabla. Taarifa za mvua kubwa nazo tunazipata, na mimi nazisambaza kwenye magrupu kama wengine.

Lakini taarifa haiwezi kuniambia kwamba saa kumi na dakika 37 radi itapiga mwembe wa uwanjani kwetu. Pale panabaki mtu. Na siku ile kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake. Wachezaji wanamwangalia kapteni, kapteni anamwangalia refa, refa ananiangalia mimi, na mimi, nitasema ukweli, niliwaangalia watazamaji. Watu kama mia tatu, jua linawaka, mabao mawili kwa mawili. Nilijiuliza nikisimamisha alafu mvua isinyeshe itakuwaje. Nilifikiria maneno yatakayosemwa Jumatatu. Kwa muda wa sekunde mbili tatu hivi nilipima maisha ya watu dhidi ya kuonekana nina wasiwasi wa bure, na nikachagua vibaya.

Hata kama ningesema basi, ningewapeleka wapi? Ukumbi umefungwa, funguo iko kwa mlinzi, mlinzi yuko geti la pili. Hili nalo lilinisumbua maana nilikuwa naanza kujipa unafuu nalo. Ila kumtuma mtu akafuate funguo ni dakika tano. Tulikuwa nazo saba.

Sheria yenyewe ni nyepesi mpaka inaumiza. Ukiona mwanga anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, ingieni ndani. Usipouona mwanga ukasikia ngurumo tu, ingieni ndani vilevile. Alafu msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikisikika nyingine mnaanza moja. Hapa kwenye 30 ndo watu wanagoma, na ninawaelewa, mvua imekatika, ndege wanalia, wewe unaambiwa kaa. Lakini wingu linaloondoka nalo linapiga.

## Alivyorudi

Alirudi chuo wiki ya tatu. Sikio la kushoto ngoma imepasuka, anapata kizunguzungu akiinuka ghafla, na anasoma ukurasa mmoja mara tatu ndo ukae. Daktari amemwambia inaweza kuchukua muda. Nimemwombea tesi mbili zisogezwe, zimesogezwa.

Alinifuata ofisini, akanipa shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, mi siku ile sikumbuki. Nakumbuka asubuhi nilikula chapati, basi. Nilitaka kuuliza, ilikuwa ghafla tu? Au kulikuwa na ngurumo kabla?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri ya kumpa. Yote yalinijia, nayajua.

Nikamwambia ilikuwepo. Tuliisikia wote. Refa alisimamisha akaniangalia, na mimi ndo nilisema malizieni.

Alikaa kimya anachezea kamba ya begi. Alafu akauliza, "Zilikuwa zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika kitu mahali. Hakunilaumu. Kusema kweli ningependa angenilaumu. Akasema asante mwalimu, nilitaka tu kujua nilikuwa wapi, akainuka kwa kushika meza kwanza, kizunguzungu kipite, akatoka.

## Jumamosi iliyopita

Funguo ya ukumbi mdogo sasa inakaa kwangu siku za michezo, nimeisainia. Jumamosi tulikuwa na mazoezi, jua kali, mwanga ukamulika juu ya ziwa. Nikahesabu kwa sauti. Nilifika 24, kabati likaburutwa.

Nikapuliza filimbi. Kapteni akaangalia mbinguni, akaniangalia mimi, akaanza "mwalimu mbona...", akaishia hapo mwenyewe. Tukaingia ndani wote, wachezaji, watazamaji kama ishirini, mama wa maandazi na ndoo yake, tukakaa viti vya katikati mbali na kuta. Nje hakuna hata tone. Wale waliokuwa wanapita barabarani walituchungulia dirishani wanashangaa.

Yule kijana hachezi bado ila huwa anakuja. Simu yake ndo ilikuwa inahesabu dakika, ameiweka juu ya meza ya mbele wote tuione. Kumi. Kumi na tano. Watu wameanza kunyoosha miguu, mtu anauliza maandazi bei gani. Dakika ya 22 ikasikika tena, ndogo, mbali kabisa, kule ziwani, nusu ya ukumbi hawakuisikia.

Aliisikia yeye, kwa lile sikio la kulia. Akainua uso akanitazama, akabonyeza simu.

"Mwalimu, tunaanza moja."